Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: naomba madoa yahesabiwe kliniki

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mama wa binti mwenye nyurofibromatosi aina ya kwanza, madaktari wanafupisha wanaita NF1. Ni ugonjwa wa kurithi unaoleta madoa na vinundu mwilini, hitilafu iko kwenye jeni moja ya kromosomu ya 17, mzazi akiwa nao kila mtoto anayemzaa ni nusu kwa nusu, ila karibu nusu ya wagonjwa ndo wanakuwa wa kwanza kwenye ukoo kama huyu wangu. Hauambukizi kabisa!! Nalisema kwa nguvu maana nimeshaona mtu anahama siti kwenye daladala kisa vinundu vya shingoni kwa mwanangu, na maneno ya kurogwa ndo usiseme.

Sasa ninachokulilia ni hiki. Mtoto akienda kliniki anavuliwa nguo, ananing'inizwa kwenye mzani, nesi anasoma kilo anaandika kwenye kadi, na hapo hapo madoa ya rangi ya chai ya maziwa yako wazi tumboni, mgongoni, mapajani. Yakifika sita na kila moja limezidi milimita 5, mtoto anatakiwa aonwe na daktari. Mi niliambiwa ni alama za kuzaliwa zitafutika. Kadi yake ina kilo zote mpaka leo, madoa hayajaandikwa popote.

Kilichotuumiza zaidi ni uti wa mgongo. Kwa baadhi ya hawa watoto mgongo unapinda, na kuna aina ambayo pingili zenyewe zinaharibika na kupinda kunaenda haraka wakati mtoto bado anakua. Kwetu aliyegundua ni fundi cherehani, alikuwa anapima sketi ya shule akaona pindo upande mmoja linashuka, akaniita, mama hebu angalia nyonga za huyu mtoto. Fundi!

Mabingwa wa mgongo tunao, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili wanafanya opresheni hizi, ila mtoto akifika mgongo umeshapinda sana kazi inakuwa nzito na hatari zaidi. Dawa ya selumetinibu iliyopitishwa Marekani 2020 kwa watoto wenye vivimbe vikubwa vya ugonjwa huu visivyotolewa kwa kisu siiombi leo, najua bei yake. Naomba mstari mmoja uongezwe kwenye kadi ya kliniki, wa kuandika idadi ya madoa, na shuleni mtoto ainamishwe mgongo ukiwa wazi, mtu asimame nyuma yake aangalie kama upande mmoja umeinuka, hata mara moja kwa mwaka.