Barua kwa mdogo wangu anayesema bosi hampendi

Mdogo wangu,

Umeniambia kwamba kila ukimwandikia bosi wako anakujibu "Sawa" tu, na kwamba neno hilo limekunyima usingizi. Kabla hujaanza kutafuta kazi nyingine, rudi kwenye ujumbe wako wenyewe. Unaanza hivi: "Shikamoo bosi, habari za asubuhi, natumaini umeamka salama, samahani kwa usumbufu. Jana nilienda bandarini kufuatilia lile kontena la mteja wa vigae, nikakuta foleni, halafu mtandao ukawa chini…" Ombi lako la pesa liko mstari wa tisa.

Sasa mfikirie anavyoupokea. Yuko kwenye kikao, simu hajaifungua, na kwenye kioo inaonekana mistari miwili mitatu ya mwanzo. Alichosoma ni salamu na foleni. "Sawa" yake inaijibu foleni. Kuhusu pesa hajasema lolote, kwa sababu hajafika huko.

Ujumbe uleule ungeweza kuwa hivi: "Shikamoo bosi. Naomba ruhusa kabla ya saa 6 mchana tulipe sh 180,000 kurekebisha nyaraka za kontena la vigae. Tukifika Ijumaa, siku za bure zinaisha na storeji inaanza kuhesabiwa. Nina maelezo yote, naweza kukupigia." Ombi, kiasi, mwisho wa muda, hasara ya kuchelewa (storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo bandarini). Ile habari ya foleni ataiuliza mwenyewe akiihitaji.

Shikamoo usiitoe. Miongozo mingi ya kazi inayotoka nje hufundisha kukata salamu ili kuokoa muda, na vijana wanaoifuata kama ilivyo huonekana wana dharau. Neno moja halimchoshi mtu. Kinachochosha ni salamu nne zinazofuatana na kuomba msamaha kwa kosa ambalo halijatendeka.

Kwa yule mzee wa stoo unayemsimamia, geuza karibu kila kitu. Wewe ni mkubwa wake kwa cheo, yeye ni mkubwa wako kwa umri, na shikamoo inafuata umri. Mwamkie wewe kwanza, hata mbele ya wageni. Usimtumie maagizo kwenye kundi la WhatsApp, na makosa yake usiyataje humo kabisa. Akirekebishwa mbele ya vijana atanyamaza, na kuanzia hapo utapata habari za stoo mambo yakiwa yameshaharibika. Nenda kwake kwa miguu, kaa, muulize mzigo wa asubuhi ulikuwaje, kisha sema: "Mzee, naomba tusaidiane hili."

Akikwambia "tutaangalia" au "inshallah", usiondoke ukidhani umekubaliwa. Mara nyingi ni hapana ya heshima, au anaona kikwazo ambacho hataki kukutajia usoni. Swali la "itawezekana?" ndilo linaloizaa hiyo hapana iliyofunikwa, maana kulijibu vibaya ni kukuvunja moyo. Muulize, "Tupange Alhamisi au Jumatatu, na unahitaji vibarua wangapi?" Hapo kikwazo kitatoka chenyewe: forklifti ni mbovu, au funguo anazo mtu mwingine.

Mwenzako wa ofisi ya Nairobi akiandika "Nitumie ripoti leo", hajakugombeza. Wengi huko huongea hivyo na marafiki zao. Ila wewe ukimwandikia "naomba kama utapata nafasi", yeye anaelewa kwamba hakuna haraka, anaiweka chini ya rundo. Bakiza "naomba", toa "kama utapata nafasi", weka saa.

Na saa yenyewe iandike kwa namna mbili. Ukiandika "kikao saa 4", wewe umemaanisha asubuhi, mwingine anayesoma saa za Kizungu atajitokeza jioni. Tofauti ni saa sita kamili. Andika "saa 4 asubuhi, yaani 10:00", kila mara, hata kama unaona ni kujirudia. Jihadhari pia na "ndiyo". Mtu akikuuliza "Hujatuma?", nawe ukajibu "Ndiyo", kwa Kiswahili umekiri kwamba hujatuma, anayefikiri kwa Kiingereza anasikia kwamba umeshatuma. Jibu kwa kitenzi kizima: "Sijatuma", "Nimetuma saa 3".

Mhasibu mpe tarakimu kwa barua pepe, jambo moja barua moja, kwa sababu anazihifadhi kwa jina la kila mteja. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu usimtumie mtu yeyote mwenye tarakimu za kunakili. Ni vigumu kutafuta neno ndani yake.

Najua kampuni yenu imeleta semina ya kugawa tabia za watu kwa rangi nne. Mzizi wake ni mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, aliyeandika kuhusu hisia za watu wa kawaida mwaka 1928. Karatasi za maswali zilitungwa na wengine baadaye. Zitumie kama kianzio cha kuangalia, basi. Mtu mmoja huwa mkali wakati wa kufunga hesabu za mwezi na mpole wiki inayofuata, na ukishamwita "mwekundu", yaani mkali, unaacha kumwona.

Bora daftari. Kwa wiki mbili, kila mtu unayefanya naye kazi andika mambo manne: anaanzaje ujumbe wake, anauliza nini kwanza (bei, muda, au nani ataumia), anajibu upesi kwa njia gani, na saa ngapi. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa mtu mmoja. Ukibadilisha vyote kwa siku moja watu watadhani una jambo lako, na hutajua kipi kimesaidia.

Kwa bosi huna haja ya kukisia. Muulize ana kwa ana: "Taarifa za bandarini ungependa nikuletee kwa simu au kwa maandishi, na saa ngapi?"

Na ile "Sawa" ya jana, mpigie leo kabla ya saa 9 alasiri. Uliza kama ni sawa ya kulipa au ni sawa ya kwamba amesoma, maana kontena bado liko bandarini.

Dada yako