Barua kwa mwanangu: mguu ukiuma sema

Mwanangu,

Nimekupigia jana hukushika, najua uko huko kwa shangazi mnapanga mabegi, basi wacha niandike. Huo mguu wa kushoto bado unauma? Na usiniambie uko poa, nilikuona ukishuka ngazi za kanisa umeshika ukuta.

Nimekuwa nikisoma mambo ya hii baleti yenu kwa simu usiku, imeninyima usingizi. Kuna msichana wa Paris, Emma Livry, nguo zilikuwa zinatiwa dawa zisishike moto, yeye akakataa juu dawa inafanya sketi ikakamae na ionekane mbaya. 1862 wakiwa mazoezini sketi ikashika taa ya gesi, akaungua, mwaka uliofuata akafa, miaka 20 tu. Sketi jameni! Mimi ni fundi, sijawahi kushona nguo ya kufia. Na huyo Misty Copeland, mcheza baleti wa Marekani umembandika ukutani, 2012 alicheza New York mfupa wa mguu una nyufa sita, akaishia kupasuliwa. Wewe unaona ushujaa, mimi naona mtoto wa mtu. Sawa, 2015 akapanda daraja la juu kabisa, Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kwa hiyo kampuni yao ya baleti, American Ballet Theatre, lakini si alitibiwa kwanza?

Ukifika London mguu ukiuma sema. Siku hiyo hiyo, usingoje shoo iishe.

Viatu vyako vya baleti nimevishona riboni na ule uzi wa kusafishia meno, kweli haukatiki. Ile ncha niliifinya nikashangaa, kumbe ni vitambaa na karatasi na gundi, jasho likiingia inalegea. Ikilegea tupa, usijifanye kubana pesa halafu uteguke. Na uwache kumaliza faundesheni yangu ukipaka viatu vifanane na ngozi yako, Freed watengeneza viatu na wale wachezaji wa Ballet Black wa hapo London walitoa vya kahawia tangu 2018.

Mjomba wako bado anauliza hii ni kazi gani. Nikamwambia mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa anacheza mwenyewe, na 1661 akaanzisha chuo cha densi, akanyamaza akaomba chai. Nilisikia raha lakini usimwambie.

Dawa ya kuchua nimeficha ndani ya soksi za kijani, ujipake kila usiku. Tangi linavuja tena na ndugu yako ashahamia kitanda chako. Jumapili ukija beba zile sufuria zangu mbili, shangazi yako hawezi kurudisha kitu bila kuulizwa.

Mamako