Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: msitukaripie mbele ya wanafunzi

Mheshimiwa Waziri,

Ninafundisha hisabati sekondari, huu mwaka wa 14. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mkaguzi alisimama katikati ya kipindi changu, akanipokonya chaki, akafuta nilichoandika ubaoni na kuniuliza, darasa zima likisikia, nilisomea wapi ualimu. Kosa lilikuwepo kweli: nilisahau alama ya kutoa.

Alama ile niliirekebisha papo hapo. Lakini kwa wiki kadhaa sikuthubutu kuwaruhusu wanafunzi waulize maswali. Aliyenyoosha mkono nilimwambia muda umekwisha, hata kama haujaisha. Na mvulana aliyecheka siku ile nilimtoa nje mara mbili, kwa mambo ambayo leo ningeyapuuza. Naona haya kuyaandika haya, ila ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu asiyejiamini huambiwa ajikaze. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa kazi anaiweza hutoka kwenye vyanzo vinne: kuifanya akafaulu, kumwona mwenzake akiifanya, kutiwa moyo, na namna anavyoielewa hali ya mwili na moyo wake. Hicho cha nne ndicho tunachokisahau. Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho, mmoja atasema, "Darasa hili limenishinda," mwingine atasema, "Nimeudhika tu, itapita." Huyo wa pili ana kile ambacho wanasaikolojia Salovey na Mayer walikieleza mwaka 1990 kuwa akili hisia: kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Mimi nilikuwa yule wa kwanza. Hasira niliyoitoa kwa mvulana yule ilikuwa aibu yangu mwenyewe, na sikuijua.

Semina ya siku moja ya kutuliza hisia haitoshi, Mheshimiwa. Nimehudhuria. Tulivuta pumzi, tukapewa vyeti, tukarudi kwenye vipindi vilevile.

Ninaomba mawili. Mkaguzi aseme na mwalimu faraghani baada ya kipindi, tena aanze kwa kumwuliza yeye mwenyewe kimeendaje. Na mwalimu mpya apunguziwe mzigo, apate walau kipindi kimoja kwa wiki cha kuketi darasani kwa mwenzake mzoefu, kisha wazungumze. (Chumba cha walimu hakihesabiki, mle tunasahihisha madaftari huku tukinung'unika.) Hili la pili litagusa ratiba, na najua shule zenye upungufu wa walimu zitalalamika. La kwanza halina gharama yoyote, linahitaji agizo lako tu.

Karibu darasani kwangu. Njoo kipindi cha mwisho cha siku, ndicho kigumu kuliko vyote, ukae dawati la nyuma. Nikikosea, nisubiri nje mpaka kengele ilie.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati