Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Makongamano

Wanachama wenzangu, salaam. Najua wengi mnasoma hii kwenye simu huku UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inawanyemelea, nitajitahidi nisiwachoshe.

Mwaka huu tumefanya makongamano mawili pale chuoni, la kwanza kuhusu umri wa ndoa na la pili mgawanyo wa mali ndoa ikivunjika. La kwanza, tusidanganyane, lilipoa. Kila mtoa mada alianzia Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, binti wa miaka 15 anaolewa mzazi akiridhia, wa 14 mahakama ikiruhusu, halafu kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyevipinga vifungu hivyo akashinda Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufani wakaibariki hukumu 2019, Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe na mwaka ukapita. Ishu ni nzito kweli, ila ukiisikia kwa mara ya tatu asubuhi hiyohiyo, tena kwa Kiingereza cha kusomwa kwenye karatasi mtu kainamisha kichwa, unaanza kuangalia saa. Baada ya chai nusu ya ukumbi haikurudi, na waliorudi wengi walikuwa wanasubiri cheti cha ushiriki.

La pili ndo lilikuwa moto. Kamati iliamua mada zote ziwe Kiswahili na tukaalika wasaidizi wa kisheria wa kata za jirani, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nao wakaja na akina mama wa vikoba. Tulikuwa tunajadili kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, ile tunayoikariri wote kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa hiyohiyo. Mtoa mada kamaliza, makofi, mama mmoja akanyoosha mkono: "Sasa huyo Bi Hawa mwenyewe alipata nini?"

Kimya. Maana hakupata kitu jamani, Mahakama ya Rufani ilikubali hoja ila ikasema mume alishampa hela ya mradi na mradi hauonekani, kwa hiyo fungu lake ni kama alishalichukua. Hapo ndo kongamano likaanza, wamama wakataka kujua hela ya mradi ikiishia kwenye sare za watoto inahesabiwaje, na risiti za ndani ya nyumba anatunza nani, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu akajibu ushahidi ni majirani, walimbana mpaka akakaa mwenyewe. Tumetoka giza limeingia, mlinzi anatuchezea funguo mlangoni.

Upande wa hela mweka hazina atasoma mahesabu kwenye mkutano mkuu, mimi niseme tu mama wa chai bado anatudai, na mfadhili aliyeahidi kuchapisha mada hapokei simu. Sio yeye tu lakini, watoa mada wenyewe kila siku "nakutumia kesho".

Mwakani napendekeza ardhi ya wajane, tuanze na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na wajumbe wa mabaraza ya kata wakae meza ya mbele, sio nyuma kama wageni. Vyeti napendekeza tufute kabisa, kamati imegawanyika kwenye hilo kwa hiyo mtapiga kura nyie. Ada lipeni bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, kabla halijaisha.