Barua kwa gereji iliyoniuzia turbo kubwa na nozeli kubwa

Meneja wa Huduma,
Duka la Spea na Gereji ya Malori,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA, TURBO NA NOZELI ZANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wenu, mwenye lori la Fuso tandamu, injini 6D16 ya lita 7.5, yenye turbo inayosukuma hewa ndani ya injini. Gari linapanda na saruji na mbolea hadi Mafinga, linashuka na mbao. Nililileta kwenu na tatizo moja, nikaliandika kwa mkono wangu kwenye fomu yenu ya mapokezi: "Halivuti mlimani. Halitoi moshi." Naomba muitafute fomu hiyo, maana hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyopaswa kuwaongoza.

Injini ya dizeli yenye turbo isiyovuta huku inafuka moshi mweusi inakosa hewa: mafuta yanaingia mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Isiyovuta na eksozi yake ni safi, kwa kawaida inakosa mafuta. Hilo fundi yeyote wa pampu na nozeli pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, atakwambia akiwa anakunywa chai. Fundi wenu mkuu hakufunga geji ya presha ya turbo, wala hakuugusa mpira unaopeleka presha hiyo kwenye pampu ya dizeli. Alinikalisha ofisini, akasema injini "imechoka" na inahitaji kuboreshwa: turbo kubwa zaidi, nozeli zinazomwaga dizeli zaidi kwenye silinda, pampu ifunguliwe. Ahadi mliiandika kwenye ankara: "nguvu kuongezeka asilimia 30, mafuta kupungua." Nikalipa.

Sikatai kwamba tofauti ipo. Kati ya Chalinze na Morogoro, injini ikiwa juu ya mizunguko 2,200, gari linakimbia kuliko zamani, na dereva alinipigia simu akishangilia. Furaha iliishia Ruaha Mbuyuni.

Kwenye kona za mlima Kitonga, ukiwa na mzigo na mbele yako kuna foleni ya malori ya Tunduma, injini inashuka hadi mizunguko 1,400. Turbo inazungushwa na gesi ya eksozi, na ikiwa kubwa inataka gesi nyingi zaidi ndipo ishike kasi. Kwenye mizunguko hiyo turbo yenu imelala. Nozeli zenu hazijalala. Dizeli inamwagwa, hewa ya kuichoma haipo, na nyuma ya gari kunakuwa usiku saa nane mchana. Kadiri unavyopanda, hewa yenyewe inapungua: Iringa iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15. Moshi ule vijana wengine wanausifu wakidhani ni nguvu. Ni dizeli niliyoilipia mimi, inatoka bila kuungua sawasawa.

Kisha joto. Mafuta yakizidi hewa, eksozi inapata moto mkali, na pistoni za alumini ndizo zinazoumia, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Tena turbo ikikandamiza hewa inaipasha moto, na hewa ya moto haijazi silinda sawasawa. Ndiyo maana kuna intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Gari langu halina intakula, na hakuna aliyeuliza. Sasa linachemsha mahali ambapo halikuwahi kuchemsha, na oili yake inanuka dizeli.

Nilipopiga simu nikajibiwa kwamba dereva wangu hajui gia za mlimani. Mzee huyo anapanda Kitonga tangu akiwa utingo.

Mwishowe gari lilifunguliwa na fundi pampu mjini Iringa. Alianza na kile kikombe cha kwenye pampu kinachopokea presha ya turbo ili pampu iongeze dizeli mzigo unapozidi. Dayaframu, ule utando wa mpira ndani yake, imechanika. Presha inavuja, pampu haipati habari kwamba turbo inapuliza, kwa hiyo haiongezi mafuta: halivuti, halitoi moshi. Kampuni yenu ilinitoza gasketi tu za kufungia turbo kwa bei inayozidi ya dayaframu hiyo.

Alinionyesha na jingine. Ankara inasema pampu "imefunguliwa na kupimwa kwenye benchi". Boliti zake zina rangi ya zamani, hazijaguswa na spana. Kilichofanyika ni kukata sili na kuzungusha skrubu ya mafuta. Picha nimeambatanisha.

Sisemi uboreshaji wote ni utapeli. Turbo ikilinganishwa na nozeli, ikawekewa intakula na rejeta ya kutosha, na mtu akapima presha na joto la eksozi kabla na baada, nguvu inapatikana, na mwenye gari anaambiwa mapema klachi na giaboksi vitadai nini. Ninyi mliuza vifaa bila kujua gari linaumwa nini.

Nataka nirudishiwe fedha za turbo, nozeli, "benchi" na ufundi. Nataka pia turbo na nozeli zangu za zamani, au nyingine zenye namba zilezile za kiwandani. Mmesema zilikuwa skrepa mkazitupa; zilikuwa mali yangu na hakuna aliyeniomba ruhusa. Na kwa kuwa dizeli imeingia kwenye oili, gharama ya kukagua pistoni na ringi ni yenu, kwa fundi nitakayemchagua mimi. Gereji yenu hailigusi tena gari hili.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, mjibu kwa maandishi. Zikipita, nitaipeleka ankara yenye ile asilimia 30 Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Gari limeegeshwa Mafinga, halijapakia, na kila siku linayolala naiandika.

Wenu,
Mmiliki wa gari,
Mafinga.

Viambatisho: nakala ya ankara, risiti ya EFD, picha za skrubu ya pampu na dayaframu.