Kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kipimwe, kisikisiwe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi, mafundi seremala na madiwani wa mkoa wa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kakonko, juu ya kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mkao unaotokana na ubongo kuathirika mapema.

Mtoto huyu akifikishwa hospitali hupata pengine nusu saa ya mazoezi, kisha harudi mpaka nauli ipatikane. Saa zote zilizobaki yuko chali mkekani. Hapo kichwa hurudi nyuma, mgongo hupinda kama upinde, miguu hunyooka na kupishana kama mkasi. Misuli isiyonyooshwa hufupika, na mfupa wa paja huanza kuchomoka taratibu kwenye nyonga. Kumnyoosha viungo mara moja kwa mwezi hakuwezi kushindana na mkeka wa kila siku. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya utengamao wa watoto, yaani kuwasaidia wenye ulemavu waweze kujimudu, tunadai kiti kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi yeyote wa hapa anaweza kukitengeneza, kwa mbao au hata kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa muhogo, mradi kila tabaka likauke na kiti kipakwe rangi kisinyonye unyevu. Kinachoharibu kazi ni vipimo. Viti vingi tunavyoviona vimetengenezwa kwa kukisia, tena vikubwa, eti mtoto akue navyo. Kiti kikubwa kinamuumiza leo.

Mketishe mtoto, makalio yakigusa ukuta, na futi ya fundi cherehani mkononi. Pima kutoka ukutani hadi nyuma ya goti, kisha punguza sentimita 3. Akiwa na 28, ubao wa kukalia uwe 25. Ukizidi hapo, ukingo unamgusa nyuma ya goti, naye anateleza mbele na kukalia kiuno badala ya makalio. Pima nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovaa: huo ndio urefu wa kiti kutoka kwenye ubao wa kukanyagia. Miguu isining'inie, kwa kuwa mtoto anayekakamaa asipopata pa kukanyaga hujinyoosha mwili mzima. Upana ni upana wa nyonga na kidole kimoja kila upande. Egemeo lifike mabegani, na kama shingo bado imelegea lipande hadi nyuma ya kichwa. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote vikunjwe nyuzi 90.

Mkanda ndio tunaousisitiza kuliko vyote. Upite pale paja linapokutana na kiwiliwili, uvute kwenda chini na nyuma hadi kwenye pembe ya ubao wa kukalia. Wengi huufunga tumboni au kifuani. Mkanda wa kifuani peke yake ni hatari: mtoto akiteleza unapanda shingoni. Miguu ikipishana, weka kigingi laini katikati ya magoti. Kisiwekwe kwenye mapaja karibu na sehemu za siri, kitamchubua. Mbele weka meza iliyo sawa na viwiko, maana mikono ikipata pa kuegemea, kichwa nacho hutulia, na hapo ndipo mtoto anaanza kushika kijiko.

Tukija kwenye chakula, tunawasihi wazazi waache kumlaza mtoto mapajani na kummiminia uji. Kichwa kikiwa nyuma, njia ya hewa iko wazi, na uji unaingia mapafuni. Kikohozi wakati wa kula, sauti ya majimaji baada ya kumeza na nimonia zinazojirudia mara nyingi chanzo chake ni hicho. Aketi, kidevu kiiname kidogo. Mlishaji akae mbele yake, macho yawe usawa mmoja, kijiko kidogo kitokee chini na kikandamize ulimi kidogo, kisha asubiri ameze. Uji mwepesi ndio unaopalia zaidi, kwa sababu unakimbia kabla koo halijajiandaa. Ndizi au viazi vilivyopondwa laini na kijiko cha mawese, pamoja na dagaa waliotwangwa wakawa unga, vinamezeka vizuri na vinampa nguvu. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, tunauogopa kwa miba, uchambuliwe kwa mkono. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa.

Kukaa kitini aanze na dakika 15, uongeze polepole. Ukimtoa, angalia makalio na mgongo: wekundu usioondoka ndani ya nusu saa maana yake kiti kinabana mahali. Kubebwa mgongoni kwa kitenge, mapaja yakiwa yametanuka, ni mkao mzuri sana kwa nyonga zake, na bibi zetu hawakukosea. Kila miezi 6 apimwe upya. Mtoto ambaye mgongo umeshapinda ukakataa kunyooka, au anayelia nyonga ikikunjwa, asilazimishwe kukaa mpaka aonwe na mfiziotherapia au mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni.

Kwa halmashauri tuna ombi moja. Katika mapato ya ndani kuna asilimia 2 ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Kikundi cha useremala kikikopeshwa, halmashauri nayo iwe mteja wake: inunue viti vilivyopimwa kwa watoto wa kaya zisizojiweza. Na kila zahanati iwe na futi moja na karatasi ya vipimo vitano, yaani paja, mguu wa chini, nyonga, mgongo na kiwiko, ili mama wa Buhigwe au wa Uvinza asipande basi hadi mjini kwa ajili ya kupimwa tu.

Wataalamu wa utengamao wa watoto,
Kigoma