Jumatatu ya Pasaka: Saanane

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Safari yetu ya kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, ipo palepale. Tukutane saa 2:30 asubuhi Capri Point, ofisi za hifadhi, tunakopandia boti. Kuvuka ni dakika chache, lakini kila mtu atavaa jaketi okozi, watoto kwanza. Hilo halina mjadala.

Waliozoea Serengeti wasitegemee tembo. Saanane ni hifadhi ndogo, na kwangu huo ndio uzuri wake: mnatembea kwa miguu, swala pala wanakula majani hatua chache tu kutoka mlipo. Waambieni watoto wayatazame mawe kwa utulivu. Asubuhi pimbi huota jua pale, na mjusi dume ana kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Wasiopanda mawe tutawatafutia kivuli karibu na ziwa.

Chakula kije kwenye hotpoti na vikapu vyenye mfuniko. Tumbili wa kule ni wepesi wa mikono. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, ni marufuku.

Nitumieni majina na umri wa watoto kabla ya Ijumaa Kuu nipate kulipia viingilio mapema. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.